Angani Hakuna Kibao cha 50

Jumamosi moja jioni, ufukweni Bagamoyo, hatua chache kutoka soko la samaki, kijana mpiga picha za harusi alirusha droni yake. Maji yalikuwa yametoka. Maharusi walikuwa wamesimama kando ya ngalawa iliyolala mchangani, na kile kidude kikavuma juu yao. Si bure wengine wanakiita ndege nyuki. Kikapanda, kikapanda tena, kikawa nukta. Mara ikasikika ngurumo upande wa Unguja. Ndege ndogo ya injini moja ilitokea baharini, chini kuliko nilivyozoea kuziona, ikaikata pwani na kushika njia ya kaskazini. Kama vilikaribiana au havikukaribiana siwezi kuapa, maana jicho la mtu aliyesimama mchangani halipimi mambo ya juu. Nikamuuliza kijana kama ana habari na ndege zinazopita pale. Akanijibu kwa adabu zote: "Uwanja uko Dar, mzee wangu. Huku ni mbali."

Siku chache baadaye, kwenye kijiwe cha kahawa, mtumishi mstaafu ninayemheshimu akanipa jibu lililoelekea kinyume kabisa. Yeye angependa droni zipigwe marufuku pwani yote, kuanzia Kigamboni hadi Saadani. "Anga ni moja," alisema, "na uwanja wetu mkubwa ni huo huo mmoja. Tukichezea hapa, siku moja tutaokota vipande vya ndege." Wazee wenzake wakaitikia kwa vichwa, na kashata zikaendelea kuliwa.

Ukiwasikiliza haraka utadhani wawili hawa ni maji na mafuta. Mimi nawaona ndugu. Wote wanapima hatari kwa kitu kimoja: kilomita kutoka Kipawa, ulipo uwanja wa Dar. Mmoja anasema kilomita zilizopo zinatosha, mwingine anataka ziongezwe. Na ni kauli ya huyu wa pili inayotawala kila droni inapotajwa katika mazungumzo yetu, kwamba ukitaka kuulinda uwanja wa ndege, kaza kibali, na ukaze kila mahali. Nasema kipimo hicho ni kibovu, kwa aliyepo mjini na kwa aliyepo shamba, na kwamba kukaza bila kupima kunatuondolea usalama tunaodhani tunaununua.

Kwanza sheria ilivyo, maana wengi wanaoilaumu hawajaisoma, na wengi wanaoisifu hawajaisoma pia. Tanzania ina kanuni za ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2018. Mwenye droni anatakiwa kuisajili kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ambayo makao yake yako Banana, Ukonga, jirani na uwanja wenyewe. Anatakiwa apate kibali cha kuirusha, na Wizara ya Ulinzi nayo ina kauli yake. Sina ugomvi na usajili hata kidogo. Chombo kinachoweza kumwangukia mtoto wa mtu kichwani lazima kiwe na mwenyewe anayejulikana, kama bodaboda ilivyo na namba. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba jasho la mwombaji ndilo linaloilinda ndege.

Ndege inayokuja kutua Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere haidondoki kama embe bivu. Inafuata mteremko wa nyuzi 3 hivi, ule ule unaofuatwa katika viwanja vingi duniani, na hesabu yake ni nyepesi: kwa kila kilomita moja iliyobaki kabla ya kugusa lami, ndege iko juu kwa takriban mita 52. Ikibakiza kilomita 10 iko mita 520 juu ya usawa wa uwanja. Ikibakiza 5 iko mita 260. Sasa, kikomo cha droni kinachotumika sehemu nyingi duniani ni futi 400, yaani mita 120 na ushei. Gawanya mwenyewe: ndege kubwa inashuka chini ya kimo hicho ikiwa imebakiza kilomita 2 na kidogo.

Tena haiji kutoka popote inapopenda. Njia kuu ya kurukia pale imelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Upande mmoja inaelekea Gongo la Mboto na Pugu. Upande wa pili ukiunyoosha mstari unapita Vingunguti, Buguruni, unaisogelea Kariakoo, kisha bahari. Mkazi wa Vingunguti humwonyeshi ramani. Anaijua Dreamliner kwa mtikisiko wa mabati yake.

Kwa hiyo hatari ya uwanja wa ndege ina umbo la mtumbwi, mrefu na mwembamba, uliolala juu ya mji kwa mwelekeo mmoja. Haina umbo la sinia. Anayechukua bikari na kuchora duara, kisha kila akitishika anaipanua bikari yake, anamfungia mvulana wa Mapinga aliye kilomita 35 pembeni kabisa ya mtumbwi huo, na anadhani amefanya kazi ileile aliyoifanya kwa kumzuia mtu wa Vingunguti. Hapana. Kwa mtu wa Vingunguti ameokoa roho. Kwa wa Mapinga ameandika barua tu.

Bagamoyo yenyewe, kwa mstari ulionyooka, iko karibu kilomita 60 kutoka uwanja wa Dar es Salaam. Lakini hapa kuna jambo ambalo wote wawili, kijana wangu na mstaafu wangu, hawakulitia akilini: Bagamoyo iko karibu zaidi na uwanja wa Zanzibar. Kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo hadi Kiembe Samaki, ulipo uwanja huo, ukivuka mkondo ni kama kilomita 43. Tumezoea kufikiri kwa barabara, kwa foleni ya Tegeta na Bunju, tukasahau kwamba ndege haipiti Bunju.

Na hao jirani zetu wa ng'ambo wametupa ushahidi mzuri bila kukusudia. Kisiwa kizima cha Unguja, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kimo ndani ya kilomita 60 kutoka Kiembe Samaki. Hakuna kijiji hata kimoja kilichoko mbali na uwanja kuliko Bagamoyo ilivyo mbali na Kipawa. Kwa mantiki ya sinia, Unguja yote ilitakiwa iwe haramu kwa droni. Badala yake, mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa vidroni vyepesi vya povu, vikirushwa na vijana wa chuo hicho, ili kupata ramani mpya ya visiwa vyote. Mwaka 2019, huko Cheju, droni ikanyunyizia mabonde ya mpunga dawa ya kuzuia viluwiluwi vya mbu wa malaria. Na Dar es Salaam yenyewe, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulipiga picha za mitaa inayokumbwa na mafuriko, Tandale ikiwemo, na Tandale iko kama kilomita 10 tu kutoka uwanja. Ndege ziliendelea kutua.

Lakini kijana wa harusi asianze kupiga vigelegele. Kipimo hicho hicho kinamgeukia na yeye.

Pwani ya kaskazini haina uwanja mkubwa, ila ina ndege. Zipo ndogo za abiria kumi na kitu zinazounganisha Dar es Salaam, Unguja, Pemba, Tanga, na viwanja vya vumbi vya watalii kama kile cha Saadani, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005. Hizi hazipandi kwenye mawingu ya juu. Kanuni za kimataifa za kuruka kwa kuona kwa macho zinamtaka rubani asishuke chini ya futi 1,000 juu ya mji, na futi 500 kwingineko, isipokuwa anapopaa au kutua. Futi 500 ni kama mita 150. Droni mwisho mita 120. Basi katikati ya kijana wangu akifuata kanuni na rubani akifuata kanuni kuna mwanya wa mita 30, kimo cha mnazi mrefu kabisa. Huo ndio ukuta mzima unaowatenganisha. Na droni nyingi zinazouzwa madukani, ukigusa mpangilio wake kidogo, zinakubali kupanda hadi mita 500.

Ile nukta niliyoiona ikipotea machoni juu ya maharusi haikuwa kwenye mita 120. Hilo silihitaji kuapa. Na kule Saadani, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kipawa, mtu akirusha droni mbele ya ndege inayoshuka kwenye njia ya vumbi anaweza kuua watu kumi ambao mtu wa Mbezi Beach, kilomita 20 tu kutoka uwanja mkubwa, hangeweza kuwagusa hata angetaka. Kilomita zimesema nini hapo? Hazijasema kitu. Zimedanganya mara mbili: zimemtisha asiye hatari na kumtuliza aliye hatari.

Watetezi wa kukaza kila mahali hupenda kutaja uwanja wa Gatwick, kusini mwa London, na mimi napenda wautaje. Tarehe 19 Desemba 2018 usiku, watu walisema wameona droni pale. Uwanja ukafungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena, hadi tarehe 21. Safari kama 1,000 zikavurugika na abiria wapatao 140,000 wakakwama, wiki ya Krismasi. Jeshi likaitwa. Mume na mke waliokuwa wakiishi jirani wakakamatwa, wakakaa mahabusu saa 36, wakaachiwa kwa kuwa hawakuhusika, na baadaye polisi wakawalipa pauni 200,000. Droni yenyewe? Hadi leo haijapatikana, mrushaji hajulikani, na picha ya kuthibitisha kwamba ilikuwepo hakuna.

Wanaolitaja jambo hili kama hoja ya marufuku wanasahau sehemu hiyo ya mwisho. Kilichoufunga uwanja ule kilikuwa kutojua: hakuna aliyekuwa na njia ya kuthibitisha ni nini kilichoko angani, ni cha nani, kiko kimo gani. Mtu ambaye hajasajiliwa kwa sababu usajili ni mlima anaongeza kutojua huko. Na angalieni Waingereza walifanya nini Machi 2019, wakiwa bado na homa ya Gatwick. Walitanua eneo la kuzuia droni, ndiyo, lakini hawakuishia kwenye sinia. Walichora duara lenye nusu kipenyo cha maili 2 au 2.5 za baharini kuuzunguka uwanja, kisha wakaongeza mistatili kwenye ncha za njia za kurukia, urefu kilomita 5, upana kilomita 1. Mtumbwi. Hata kwa woga ule, hawakuifunga wilaya nzima.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa Quebec, nchini Kanada, Oktoba 2017, ambapo droni iligonga bawa la ndege ndogo ya abiria iliyokuwa ikikaribia kutua. Waliomo walitua salama. Simdharau anayeogopa baada ya kusikia hilo; droni ina betri na mota, na chuma si manyoya ya kunguru. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba droni huumiza ndege zaidi kuliko ndege wa porini mwenye uzito ule ule. Lakini kosa la Quebec lilikuwa nini? Kikomo cha Kanada wakati ule kilikuwa futi 300, na droni ile ilikuwa imepanda zaidi ya futi 1,000. Kimo, jamani. Kimo na mstari wa kutua. Mtu yule angetii kimo, ndege ingempita juu na asingejua kama imepita.

Inabaki hoja ya ulinzi, na hii sitaipita mbio, kwa kuwa ndiyo inayowafunga watu midomo. Tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022 kila mmoja ameona droni ya bei ya simu ikiharibu kifaru. Pwani yetu ina Kambi ya Lugalo, ina Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi, na mambo mengine ambayo raia mwema hana haja ya kuyachungulia. Nakubali yote hayo. Basi tuandikiwe kwamba hapa na hapa ni mwiko, mita kadhaa kuzunguka uzio, atakayerusha achukuliwe hatua bila kubembelezwa. Wanajeshi wanajua kuweka kibao cha "Eneo la Jeshi, Usipite" barabarani, na watu wanakitii bila kusoma kanuni yoyote. Ila kuigeuza Kaole, yenye magofu na makaburi ya karne nyingi, kuwa sawa na Lugalo, hakuifichi Lugalo. Kunafanya askari wa doria ashindwe kutofautisha adui na mpiga picha, kwa kuwa wote wawili wamekuwa wahalifu wa aina moja.

Kibao kinanirudisha kwenye barabara ya Bagamoyo. Dereva yeyote anayeipita anajua pa kupunguza mwendo. Anapoingia kijijini anakuta kibao cha 50, anapotoka anakuta kinachomwachia, na katikati yake anajua kuna uwezekano wa askari mwenye tochi. Wapo wanaovunja, lakini hakuna anayeweza kusema hakujua. Sasa fikiria vibao vyote vingeng'olewa, na badala yake tutangaziwe kwamba mwendo katika nchi nzima utategemea kibali kitakachoombwa kabla ya safari. Baada ya mwezi mmoja hakuna ambaye angepunguza mwendo popote, hata mbele ya shule. Anga letu liko hivyo leo. Halina kibao. Kijana wa harusi hajui ndege ndogo ya Saadani inapita wapi wala kimo gani, si kwa ubishi, bali hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Alichoambiwa na mafundi wenzake ni kwamba kibali ni safari ndefu, basi piga kazi, ukiona polisi shusha.

Watu wa pwani hii tunalifahamu jambo hilo kwa jina. Tunaliita bandari bubu. Kwa miaka mingi serikali imehangaika na vichochoro vya mikoko ambako majahazi hushusha mafuta ya kula, sukari na vitenge usiku. Doria ziliongezwa, faini zikaongezwa, na mzigo ukaendelea kushuka, hadi Mamlaka ya Bandari yenyewe ikaona heri kuzirasimisha baadhi ya bandari hizo na kuzipa mtu wa kuzisimamia. Si kwa sababu ilikata tamaa. Ni kwa sababu jahazi linaloshusha mbele ya karani unaweza kulikagua, na linaloshusha gizani huwezi. Kukaza vibali vya droni bila ramani tunafungua bandari bubu juu ya vichwa vyetu, halafu tunajisifu kwamba forodha ni kali.

Na asiniambie mtu kwamba TCAA haiwezi. Mwaka 2018 droni ya mizigo iliruhusiwa kuruka juu ya Ziwa Victoria, kutoka upande wa Mwanza hadi Ukerewe, ikipeleka dawa. Umbali ulikuwa kilomita 60, muda dakika 40 hivi, na majaribio yalichukua miezi sita. Kilomita 60! Ni umbali ule ule wa kutoka Kipawa hadi Bagamoyo, na ni kwenye ziwa ambalo uwanja wa ndege wa Mwanza uko ukingoni mwake. Waliketi, wakapanga njia, kimo na saa, ikawezekana. Mgeni mwenye kampuni kubwa alipewa njia. Kijana wa hapa Bagamoyo anayetaka mita 60 juu ya mchanga, kwa robo saa, anastahili angalau kuonyeshwa ukuta uko wapi.

Marekani wameligawa anga linalozunguka viwanja vyao katika miraba kwenye ramani, na kila mraba umeandikwa kimo: hapa sifuri, pale futi 100, kule 400. Mtu anaomba kwa simu na mara nyingi anajibiwa ndani ya sekunde. Sisemi tuige mitambo yao kesho. Ramani haihitaji mitambo. Karatasi moja ya Kiswahili inatosha kuanzia: mtumbwi wa Kipawa umepakwa nyekundu, wa Kiembe Samaki vivyo hivyo, viwanja vidogo vya pwani vimewekewa alama, kambi zimezungushiwa uzio, na sehemu iliyobaki imeandikwa kimo chake kwa mita. Ibandikwe ofisi za kata, kwenye maduka yanayouza droni, kwenye mapokezi ya hoteli, pale TaSUBa ambako vijana wa sanaa wanafundishwa. Chini yake iwe namba moja ya simu, isiwe ofisi mbili zinazomrusha mtu kama mpira. Ndani ya nyekundu, msimwonee mtu huruma. Mnyang'anyeni chombo chake, mshitakini.

Mstaafu wangu wa kijiweni nitamwachia kazi ya kupiga hesabu ya mita 52 kwa kila kilomita; ni mtu wa namba, ataifanya. Na wewe kijana wa harusi, kabla ramani hiyo haijaja: jisajili, usipite mita 120 hata bibi harusi akikubembeleza, na ukisikia injini upande wa Unguja, usisubiri kuiona. Shusha.